Swichi niliifunga mimi, kazi nikanyimwa: nilichojifunza kuhusu vyeti na uzoefu kwenye kazi za IT

Mwaka 2018 niliitwa kwenye usaili wa kazi ya IT hapa Dar, kampuni sitaitaja, ofisi zao zilikuwa ghorofa ya nne na chumba cha usaili kipo mwisho wa korido. Nyuma ya mlango wa kile chumba kuna kabati dogo la chuma ukutani, ndani yake swichi ya mtandao ya milango 24, yaani kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, na kila kebo ina lebo nyeupe yenye mwandiko wangu. Zile kebo nilizivuta mimi mwenyewe mwaka 2016 nikiwa kibarua wa kampuni ndogo iliyopewa tenda, siku tatu nalala kifudifudi juu ya dari, na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Sasa nimekaa mbele ya watu watatu, kaka mmoja akafungua faili langu akageuza karatasi mbele nyuma, akaniuliza, "Dada, CCNA yako iko wapi?" CCNA ni cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Nikamwambia sina, ila mtandao mnaotumia hapa nimeufunga mimi, fungueni hilo kabati mtaona. Wakatazamana, hakuna aliyenyanyuka. Yule kaka akasema kwa upole tu, "Tunakuelewa dada, ila fomu inataka cheti." Baada ya dakika kumi nilikuwa kituoni nasubiri daladala na machozi yananitoka.

Kwa karibu miaka mitatu baada ya pale nilikuwa nawaambia wadogo zangu wote kwamba vyeti ni utapeli, uzoefu ndo kila kitu. Sa hivi siamini hivo tena, ila pia siamini wale wanaosema bila cheti wewe si mtu wa IT. Ngoja nieleze nilikopita ndo mtanielewa.

Mi nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikapata kazi ya kukaa kaunta kwenye intaneti kafe mwaka 2008, mashine nane, intaneti inakuja kwa dishi la setilaiti na ilikuwa ya taratibu mno, mtu anafungua barua pepe anaenda kunywa chai ya pili anarudi bado inazunguka. Kebo ya baharini ya Seacom ilikuwa bado haijafika, ilitua Dar mwaka uliofuata. Ugonjwa mkubwa wa zama zile ulikuwa virusi vya flashi, mwanafunzi anachomeka flashi yake mafolda yote yamegeuka shotikati, anaanza kutetemeka kwamba kazi ya chuo imepotea yote. Kaka mmoja mteja wetu akanionyesha amri moja, attrib -s -h /s /d, unaiandika kwenye ule ukurasa mweusi unasubiri, mafaili yanarudi. Niliikariri kama dua. Watu wakawa wanatoka mitaa ya mbali kuja kutafuta "yule dada anayerudisha mafaili" na mimi nilikuwa najisikia fundi hasa. Lakini sikuwa najua ile amri inafanya nini. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba mafaili hayakuwahi kupotea, virusi vilikuwa vimeyaficha tu na ile amri inaondoa alama ya kuficha. Hili jambo la kufanya kitu sahihi bila kujua kwanini ni sahihi likumbukeni, nitalirudia.

Nikaja Dar 2010, kwanza dukani Kariakoo, kufomati, kubadilisha skrini, kutafuta draiva, alafu nikaingia kwa mafundi wa kuvuta kebo. Pale ndo nilifundishwa kazi. Tulikuwa na mzee mmoja, yeye hana cheti chochote cha kompyuta, alianza na nyaya za simu za mezani, ila kebo alikuwa anazijua kama mtu anavyojua watoto wake. Chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia, alikuwa anatuamsha na huo mpangilio wa nyaya za ndani ya kebo asubuhi badala ya salamu. Kuna ghala moja tulifunga kamera, kamera ya mwisho kila ikifika usiku inakatika, tukabadilisha kamera, tukabadilisha adapta, tukabadilisha mpaka swichi, mteja anapiga simu kila siku. Mzee alikuwa mgonjwa wiki ile, aliporudi hakugusa kitu, alitembea tu kutoka kwenye swichi mpaka kwenye kamera anahesabu hatua zake. Akarudi akasema, "Wanangu, kebo hii inavuka mita mia ambazo ndo mwisho wake, mmejitafutia wenyewe." Tukaweka swichi ndogo katikati na kamera haijakatika tena. Huo ndo uzoefu ninaouheshimu mpaka leo, mtu anayehesabu hatua kabla ya kununua kamera mpya.

Ila sio uzoefu wote uko vile, na hapa lazima nijiseme mwenyewe. Mwaka 2014 tuliitwa hoteli moja Bagamoyo, mtandao wote umekufa, ukifika kwenye swichi taa zote zinapepesa kwa pamoja kasi ya ajabu. Mi nilifanya nilichokuwa nimezoea, nikachomoa kebo zote alafu nikarudisha moja moja, masaa manne, wageni wanalalamika mapokezi, mpaka nikaipata kebo moja ambayo nikiichomeka tu mambo yanaharibika. Kumbe mhudumu alipokuwa anasafisha aliona kebo inaning'inia akaichomeka ncha zote mbili ukutani akidhani anasaidia. Nikaichomoa, nikalipwa, nikaondoka. Swali la kwanini kebo moja inaweza kuua hoteli nzima sikujiuliza. Kwahiyo ilivyotokea tena sehemu nyingine mwaka 2017 nilichukua tena masaa yaleyale. Yaani miaka mitatu ilipita na mkono wangu haujaongeza kitu.

Baada ya ule usaili niliendelea na vibarua mpaka mwisho wa 2020, nikachoka. Nikakopa kwenye kikoba chetu. Mtihani wa CCNA ni dola 300, kwa hela ya wakati ule karibu laki saba, na hiyo ni karatasi ya mtihani tu, sijataja bando wala siku za kibarua unazokosa ukikaa kusoma. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hawakuulizi digrii wala diploma kukufanyisha ule mtihani, yeyote analipa anakaa. Mi nilikuwa nadhani haiwezekani mtu wa kidato cha nne, na hilo peke yake lilinichelewesha miaka.

Nilisoma miezi saba, usiku, kwa Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya mitandao kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure ukijisajili kwenye masomo ya Cisco, na kwa swichi moja kuukuu niliyoinunua Kariakoo. Na kule kusoma kukanibadilisha, sio cheti, kule kusoma. Siku niliyofika sura ya STP, yaani kinga ya swichi dhidi ya mtandao kujizungusha, nilisimama nikazunguka chumba. Pale ilikuwa inaelezwa hoteli ya Bagamoyo, kabisa kabisa, ujumbe mmoja unaingia kwenye mduara, yaani lupu, unazunguka unajizidisha mpaka swichi zinazidiwa, na kuna namna ya kuipanga swichi iufunge ule mlango yenyewe kabla madhara hayajatokea. Nikakuta tena tatizo lingine lililonitesa mara nyingi, mtu anakuja na ruta yake ya nyumbani anaichomeka ofisini inaanza kugawa anwani zake za mtandao, nusu ya ofisi inapotea. Mi nilikuwa naisaka kwa kuzunguka chini ya meza za watu. Kumbe unaweza ukaangalia MAC, yaani namba ya utambulisho, ya ile ruta ya uongo, ukaiuliza swichi iko mlango gani, dakika mbili, na kuna kinga yake inaitwa DHCP snooping ambayo ukiiwasha hilo tatizo halikusumbui tena. Nilihuzunika kwa kweli. Nilifikiria wateja wote niliowafungia mitandao yenye anwani zilezile 192.168.1 kila mahali bila kufikiri, kwasababu aliyenifundisha alifanya hivo na aliyemfundisha yeye alifanya hivo.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Ni dakika 120 na ukishajibu swali hurudi nyuma, mimi nilizoea kazi ambayo unaweza kujaribu, ukaharibu, ukarudia. Sheria inasema unasubiri siku tano ndo ukae tena, ila mimi siku tano zangu zilikuwa miezi minne maana hela ilikuwa imeisha. Katikati hapo kuna kijana akaniletea damps, yaani maswali ya mtihani yaliyoibwa na majibu yake, faili la kurasa kibao, akaniambia dada kariri hii unapita wiki ijayo. Nilikataa. Nilishakariri vya kutosha kwenye maisha yangu, na nilikuwa nimeonja kuelewa. Mwishoni mwa 2021 nikafaulu. Ukijumlisha mara mbili ni kama milioni moja na laki nne, kikoba nilimaliza kukilipa mwaka uliofuata.

Na matokeo yake ntasema ukweli hata kama unauma. CV ileile, vibarua vilevile, kazi zilezile nilizofanya, niliongeza mstari mmoja tu juu na simu zikaanza kuingia. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na ajira ya kwanza yenye mkataba na bima. Mikono yangu ilikuwa ileile ya 2018.

Nilikuwa na hasira na watu wa HR mpaka nilipokaa kwenye kiti chao. Tangu 2022 kazini kwangu mimi ndo nasaidia kuchagua mafundi, na mara ya kwanza kuletewa lile lundo la maombi nilielewa kitu. Mtu wa HR hajui swichi ni nini, ana maombi mamia ya nafasi moja, wote wameandika "uzoefu miaka 5", na hana njia yoyote ya kujua nani anasema kweli. Cheti kina namba, unaingia kwenye tovuti unahakiki. Na sisi nchi yetu imeumwa na nyoka kwenye mambo ya karatasi, mnakumbuka 2017 uhakiki ulikuta watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Kwahiyo anang'ang'ania kitu anachoweza kukihakiki. Simlaumu tena. Ila nasema anapima kitu kimoja anadhani amepima vyote.

Kwasababu mwaka uleule wa kwanza tulimwajiri kijana mwenye vyeti vinne. Vinne, vyote halali. Anazungumza vizuri, ukimwuliza subneti, yaani kipande cha mtandao, ya 255.255.255.192 inachukua vifaa vingapi anakujibu 62 kabla hujamaliza swali. Wiki ya pili printa ya uhasibu haionekani, akakaa kwenye laptopu yake saa nzima anasoma mipangilio, na kebo ya printa ilikuwa imekatwa na mguu wa meza. Hakuinama kuangalia. Sio mjinga yule kijana, sitaki mtu amcheke, hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuinama chini ya meza, alitoka darasani kwenda chumba cha mtihani kurudi darasani. Miezi sita baadaye alikuwa mzuri sana na sasa yuko mbali. Tatizo ni kwamba sisi tulimlipa na kumpa majukumu kama mtu aliyekwisha kuinama miaka mitano.

Tukamchukua pia kaka mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili, bila cheti, nilimpigania mimi kwasababu nilijiona ndani yake. Kila tatizo alikuwa anazima na kuwasha. Mtandao polepole, anazima anawasha. Simu za ofisini hazipokei, anazima anawasha. Siku moja alizima seva katikati ya siku ya kufunga mahesabu ya mwezi. Ukimwuliza ilikuwa nini anasema "ilikuwa imehang." Nilikaa naye nikamwuliza kwa heshima, kaka, kwenye miaka kumi na miwili kuna tatizo gani ulilifuata mpaka ukajua chanzo chake? Alifikiria kwa muda mrefu sana. Hakulipata.

Ndo nikabadilisha usaili. Naweka meza, swichi moja, ruta moja, laptopu mbili, karatasi inayoonyesha mtandao unavyotakiwa kuwa, na kasoro tatu nimezitega mwenyewe. Kebo moja jozi zake zimepishana. Mlango mmoja wa swichi uko kwenye VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi, isiyo yake. Na chini ya meza nimeficha ruta ndogo ya nyumbani inagawa anwani zake. Dakika arobaini. Simpimi sana kwamba amezipata zote, naangalia anaanzaje. Anauliza nini kimebadilika tangu jana? Anaangalia taa? Anabadilisha kitu kimoja anajaribu, au anabadilisha vitano kwa mpigo afu hajui kipi kimeponya? Anaandika? Huyu wa kuandika huwa namwangalia mara mbili.

Mwanzoni mwa 2024 alikuja dogo kutoka Kariakoo, jina lake nalihifadhi. Cheti cha kidato cha nne na daftari. Daftari kabisa lile la shule la kurasa 200, limechakaa, ndani ameandika kila kazi aliyofanya dukani na kwa wateja kwa karibu miaka minne, tarehe, tatizo, nilichojaribu kwanza, kilichoshindikana, kilichofanya kazi. Mwandiko wa tabu ila kila kitu kipo. Kwenye meza yangu kebo mbovu aliipata dakika ya tatu kwa kuangalia tu kile kichwa cha kebo. Akaangalia anwani ya laptopu akailinganisha na karatasi akasema, "Dada hii anwani sio ya kwenu, kuna mtu mwingine anagawa," akafuata kebo mpaka akaitoa ile ruta chini ya meza. Ya VLAN hakuimaliza. Ila alisimama akaninyooshea kidole zile taa akasema hii milango miwili iko kwenye swichi moja lakini ni kama nyumba mbili, huku hawasikii wanachosema kule. Hajawahi kusikia neno VLAN. Amelielezea vizuri kuliko wengi waliolikariri.

HR wakamkataa, hana cheti cha chuo. Nilirudi mara tatu kwenye ile ofisi. Mwisho wakakubali mkataba wa miezi mitatu, ya kujaribu, mshahara wa chini.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 yeye ndo alikuwa zamu. Intaneti ikadorora nchi nzima, na baadaye tukajua kebo za baharini, EASSy na Seacom, zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ila asubuhi ile hakuna aliyejua, kila mtu alidhani ni kwao. Simu zinaingia, wakubwa wanafoka, na kwenye kundi letu la WhatsApp fundi mwenye vyeti vyake anaandika "washa upya ruta kuu." Dogo akanipigia. "Dada shikamoo, samahani kwa kukusumbua Jumapili. Kwetu taa zote sawa. Tovuti zilizo hapahapa nchini zinafunguka vizuri, za nje haziendi, nimefuata njia inafika mpaka kwa mtoa huduma inapita inafia mbele huko. Mimi naomba tusizime kitu." Hatukuzima kitu. Mifumo yetu ya ndani ilifanya kazi siku nzima wakati nasikia kuna ofisi watu wamefuta mipangilio ya ruta zao kwa kuhangaika na wakachukua siku mbili kuirudisha. Jumatatu mtu wa HR mwenyewe alishuka kuja kumwona.

Alipewa ajira. Tangazo letu la kazi nalo tumelibadilisha, zamani lilisema lazima CCNA, sasa linasema CCNA au uwe tayari kukaa kwenye jaribio la vitendo, na kila anayeitwa anakaa kwenye meza, mwenye cheti na asiye nacho. Maombi yameongezeka, kazi ya kuchambua imekuwa kubwa zaidi, kuna wiki sipumziki, ila siirudishi ile sentensi ya zamani.

Cheti changu kilikuwa kinaisha muda 2024, vyenyewe ni vya miaka mitatu, nikakihuisha kabla hakijaisha kwa kusoma kozi zao za kujikusanyia pointi. Wadogo zangu wanaoniuliza "dada nilipie mtihani au nitafute kibarua" huwa nauliza kwanza, umeshawahi kukrimpu kebo, yaani kuibana kichwa, ikakataa? Kama hajawahi namwambia hela aiweke, atafute fundi abebe ngazi hata miezi sita. Na kama ana miaka mitano kwenye ngazi namwambia aende akalipie, asisubiri kama mimi, kwasababu waliokaa mezani hawawezi kuona dari aliyolala.

Dogo kampuni imekubali kumlipia nusu ya mtihani. Anasoma jioni ofisini maana kwao shida ni umeme na kelele. Juzi nimemkuta amefungua lile daftari la Kariakoo, ana kalamu nyekundu, pembeni ya matatizo ya zamani anaandika majina. Hapa ilikuwa lupu. Hapa anwani mbili zinagongana. Hapa MTU, yaani ukubwa wa vifurushi vya data. Ametoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mia na kitu, na amebakiwa na mawili ambayo hayajui yalikuwa nini, akanionyesha. Nimeyasoma mara mbili. Na mimi siyajui. Tumekubaliana Jumamosi tuyatengeneze upya mezani tuone.